Mzee Yordani Kasmiri, Utingo Aliyeupa Mto Mgongo

Alhamisi, tarehe 30 Juni 1983, basi la Handeni litakapoingia stendi ya Korogwe jioni, mtu wa mwisho kushuka atateremka kwa ngazi ya nyuma kutoka juu ya paa, kama alivyoteremka siku zote. Akishakanyaga chini, Mzee Yordani Kasmiri atakuwa amemaliza miaka ishirini na mitano ya utumishi katika Mabasi ya Bonde. Wahariri wa jarida letu la Honi wameniomba niandike habari zake kwa kuwa nilikuwa kondakta wake kwa miaka mingi kabla sijapewa usimamizi wa stendi. Nimekubali upesi, maana nikichelewa atapewa mtu wa ofisini, naye ataandika kwamba mzee alikuwa mchapakazi mwenye nidhamu, kisha aweke nukta.

Katika karatasi za ofisi cheo chake ni Msaidizi wa Gari. Abiria wetu hawakijui cheo hicho. Wao wanamwita utingo, na kati ya Korogwe na Handeni ukisema utingo bila kutaja jina, watu watadhani unamsema yeye. Kwa faida ya wafanyakazi wapya waliozoea kukaa dirishani kukata tiketi, nieleze kazi hiyo ni nini. Utingo ndiye anayepandisha mizigo juu ya paa na kuifunga kamba. Ndiye anayepiga bati dereva asimame, na ndiye anayeingia uvunguni gari likilala njiani. Na masika, mito inapojaa, ndiye anayetangulia majini kwa miguu yake, fimbo mkononi, gari likimfuata nyuma. Dereva akikosea mtoni, hulaumiwa. Utingo akikosea, huenda asipatikane wa kulaumiwa.

Alizaliwa mwaka 1928 katika kambi ya mkonge iliyokuwa kati ya Korogwe na Hale. Baba yake, Mnyamwezi, aliletwa kutoka Tabora kwa mkataba wa manamba akiwa kijana. Alikata mkonge mpaka vidole vikagoma kunyooka, akafa na kuzikwa hukohuko mashambani. Yordani naye alikata mkonge tangu alipopata nguvu ya kushika kisu. Mwaka 1958 basi la tajiri wa zamani, kabla mabasi haya hayajawa mali ya umma, lilikwama matopeni mbele ya kambi yao, wakaitwa wakalisukume. Lilipotoka, wenzake walirudi kazini. Yeye alidandia ngazi ya nyuma na hakurudi tena. Anasimulia kwa kicheko kwamba yule tajiri aligundua baada ya majuma kadhaa kuwa ameajiri mtu.

Mimi nilianza kumstaajabia kwenye mlima wa Dindira. Aliyepanda huko na gari la zamani lililojaa watu na mizigo anaujua ule mlima: gari linapanda, linanguruma, linafika mahali linachoka, na kabla dereva hajapata gia ya chini linaanza kurudi nyuma kuelekea bondeni. Kazi ya utingo ilikuwa kukimbia nyuma ya gurudumu akiwa amebeba kipande cha mti wa mkwaju, ili likianza kurudi tu akitupie chini yake. Yordani alikimbia kupanda mlima ule, gari linamtemea moshi na mawe usoni, akiimba. Wachuma chai waliacha vikapu vyao wakasimama kando kumtazama. Siku ya kwanza nilipoona gari zima lenye watu limezuiwa na mtu mmoja na kipande cha mti, nilisahau kudai nauli, na abiria wa Dindira si watu wa kukukumbusha.

Mara tatu alipelekewa habari njema kwamba atafundishwa udereva, na mara tatu alikataa. Sababu aliyotoa ni kwamba dereva hukaa kitako mchana kutwa, na yeye kukaa kunamuumiza kiuno. Mkewe, Mama Grasiana, anathibitisha. Anasema hata ugali mumewe hula amechuchumaa mlangoni, kana kwamba nyumba itaondoka imwache.

Alikuwepo juu ya paa siku tulipobeba watu kwenda kusherehekea Uhuru, na bendera aliyoifunga kwenye tenga la kuku ilipepea mpaka ikachanika. Alikuwepo mabasi yalipotaifishwa, nasi tukabadilishiwa rangi, jina na mkubwa wa kazi katika mwaka mmoja. Alikuwepo mwaka 1974 watu walipokuwa wanahamia vijiji vipya, na mabasi yetu yakabeba milango iliyong'olewa na michi na vinu na mabuzi ya wenye bahati. Katika siku hizo bibi mmoja wa upande wa Handeni aligoma kupanda gari bila mafiga yake matatu. Vijana walimcheka, wakamwambia mawe yamejaa huko aendako. Yordani aliyapandisha moja moja, akayafunga katikati ya paa, mahali ambapo mzigo hautikisiki, na tulipofika aliyateremsha yeye mwenyewe na kumuuliza bibi anataka yaelekee wapi.

Vita vya Kagera vilipochukua baadhi ya magari yetu, tulibaki na mawili kwa njia zote, Handeni, Dindira na Mkumbara, na matairi hayakupatikana hata kwa kuomba. Tairi likipasuka, Mzee Yordani aliingia porini na panga, akakata majani, akayashindilia ndani ya tairi mpaka likawa gumu. Tulifika Mkumbara tukirukaruka, lakini tulifika. Abiria mmoja aliuliza kama gari litahitaji kupelekwa malishoni. Mzee alimjibu kwamba ng'ombe wa aina hii hula abiria wanaouliza maswali.

Hayo yote wengi mnayajua. Lililonifanya nikubali kuandika ni lingine, la masika ya mwaka 1972, na kulieleza inanipasa kwanza nimtaje Mbwana Mhina.

Mbwana, ambaye alistaafu mwaka juzi, alikuwa dereva wetu wa Handeni, Mzigua wa kijiji cha Kwamgunda. Yordani ni Mnyamwezi. Asiyejua utani wa makabila haya mawili angepanda gari letu angedhani watu hawa wanakaribia kuuana. Mbwana aliwatangazia abiria kwamba utingo wake alizaliwa na mzigo kichwani, kwa sababu babu zake walikuwa wapagazi na kazi imeingia damuni. Yordani alijibu kutoka juu ya paa kwamba ni kweli, na babu za Mbwana walikuwa wamekaa kando ya njia wakidai hongo wapagazi wapite, ndiyo maana mpaka leo mjukuu wao amekaa kitako na wenzake wanatoka jasho. Abiria walicheka mpaka Handeni. Wapo waliongoja basi letu na kuyaacha mengine yapite, kwa ajili ya matusi hayo tu.

Pia ilikuwepo alama yao ya mtoni. Yordani akipima maji na kuyaona yanapitika, alitembea mbele, na Mbwana alimfuata bila kuuliza. Akiona hayapitiki, alirudi ukingoni akakaa kwenye jiwe, akaupa mto mgongo. Hapo mjadala ulikwisha. Sijawahi kuona Mbwana akibishana na mgongo ule, hata siku tuliyombeba mkuu mmoja wa serikali aliyekuwa na haraka na sauti kubwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne lori la mbao liliingia stendi ya Korogwe likitoka Handeni, na dereva wake akashuka akiwa amevua kofia. Mama yake Mbwana, Bibi Mwaija, alikuwa amefariki alfajiri. Maziko yangekuwa siku ileile, baada ya sala ya Alasiri. Msimamizi wa stendi alitaka kumpa Mbwana ruhusa, lakini hapakuwa na dereva mwingine wala gari jingine la kumpeleka. Basi la Handeni lilikuwa lake, na linapita mlangoni kwao. Akapanda, akashika usukani. Siku hiyo hapakuwa na utani. Mizigo ilifungwa kimya, na hata kuku nadhani waliona aibu kulia.

Kati ya Korogwe na Kwamgunda upo mto mdogo uitwao Kwembazi. Kiangazi ni mchanga mtupu na watoto hucheza humo. Hauna daraja, lililopo ni zege lililomwagwa chini ili magari yapite juu yake. Lori la mbao lilikuwa limepita bila taabu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani, na sisi tulipofika tulikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na mizizi, yamefunika zege na kupanda ukingo. Abiria wote walishuka. Yordani alivua viatu, akaingia na fimbo. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, akasimama humo akiisikiliza fimbo yake. Kisha akarudi, akakaa kwenye jiwe, akaupa mto mgongo.

Sikumbuki aliyeanza kumsihi. Punde si punde wote walikuwa wanamsihi, wanawake kwa wanaume, kwamba kwa leo tu ajaribu, maana mtu anakwenda kumzika mzazi. Mzee mmoja alimwambia atabeba dhambi. Yordani aliwaamkia wakubwa wote shikamoo, mmoja mmoja, na hakuinuka. Ndipo Mbwana akateremka kwenye gari. Alimwendea polepole akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyowajua hakumwita mpagazi.

"Ndugu Yordani," alisema, "ni mama."

Yordani aliinua uso. "Ninajua, Mbwana. Na gari hili limebeba mama za watu."

 Mbwana alirudi akaegemea boneti, akajifunika uso kwa mikono yake, na sisi wote tukageukia pembeni, kwa sababu kumtazama mtu mzima katika hali ile ni utovu wa adabu. Alijua kwamba mwenzake amesema kweli. Alijua pia kwamba hawezi kuliacha gari lenye watu ukingoni, na maji bado yanapanda, akavuka peke yake. Na hata angeruhusiwa, kuogelea hajui, kama walivyo wengi waliokulia nchi kavu ya Handeni. Mama yake angezikwa, na yeye angekuwa amekaa ng'ambo hii ya mto, mahali ambapo, kama si mvua, mwendo wa gari mpaka kwao si mrefu hata kidogo.

Yordani aliinuka. Alinishika mkono, akanionyesha mwamba uliokuwa katikati ya maji ambao wakati huo ulionekana kwa povu tu. Aliniambia kwamba ukijitokeza wote, nitangulie mimi na fimbo, nifuate ukingo wa zege wa upande wa juu, na nisikimbie hata nikiogopa. Akanikabidhi fimbo. Kabla sijauliza anakwenda wapi, alikuwa amekwenda juu ya mto, penye mti ulioinamia maji, na akajitupa.

Mto ulimchukua. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyoona: kichwa, mkono, kichwa tena, halafu kona ya mto, halafu hakuna kitu. Mwanamke mmoja alikaa chini akaanza kusoma dua. Mbwana alikimbia ukingoni akiliita jina lake, na sauti yake sijaisahau. Tulikaa hivyo, sijui muda gani, mpaka mtu akanyoosha kidole. Ng'ambo, chini kabisa karibu na matete, alikuwa ameinama anakohoa, shati halina mkono mmoja. Hakutupungia. Alishika njia ya Kwamgunda kwa mwendo wa mtu aliyechelewa gari, na sisi tulidhani anakwenda kupeleka rambirambi kwa niaba yetu.

Aliyoyafanya huko nilisimuliwa na Mashavu, dada yake Mbwana, aliyeyaona kwa macho yake. Kwa kuwa basi halikutokea adhuhuri, wazee walikwisha kukata tamaa. Walijua mto umemzuia mwanao, wakakubaliana kuzika kwa saa iliyopangwa. Kaburi lilikuwa tayari. Mara akatokea huyu mtu, amelowa, miguu inavuja damu. Aliwapa pole wafiwa kwa mpangilio wake, wanaume kisha wanawake, akanywa maji aliyopewa, akauliza makaburi yako wapi. Huko alinawa miguu kwa uangalifu, akashuka kaburini, akajilaza chali, mikono chini ya kichwa.

Watu walianza kucheka. Kwetu hilo si jambo la ajabu: mtani ana uhuru wake msibani, anaweza kuzuia jeneza njiani, kuficha sufuria ya wali, au kulala kaburini mpaka apewe kitu ndipo aondoke. Wakamletea kuku. Akamsifu yule kuku, akamrudisha. Wakamletea beberu. Akasema beberu ni mzuri kuliko hata wa Tabora, ambako hajawahi kufika, naye akamrudisha. Hapo kicheko kikapungua. Wakamuuliza basi anataka nini. Akasema anamtaka Mbwana.

Mwalimu Athuman, aliyefundisha chuo cha Kurani pale kijijini na ndiye aliyekuwa aongoze sala, alikasirika. Alimwambia kwamba maiti hacheleweshwi kwa mchezo. Yordani alimwamkia kutoka mle chini kwa heshima zote. Alisema hazuii maziko na hachezi. Yeye si mtu wa dini yao na hawezi kumfundisha mwalimu. Anachoomba ni kungojwa kidogo, maana mto ule anaujua, unajaa kwa hasira na kupungua kwa hasira, na mwenye haki zaidi ya wote waliosimama pale yuko njiani. Jua likigusa kilima kilichokuwa mbele yao na basi halijaonekana, atainuka bila kupewa kitu na kuomba radhi kwa kila mtu. Mwalimu Athuman aliutazama ule umbali wa jua na kilima. Kisha, Mashavu anasema, alikunja kanzu yake akaketi pembeni mwa kaburi, akaanza kusoma Yasini, na wengine wakaketi.

Manyunyu yakaanza. Vijana waliokuwa wamemnunia kuliko wote ndio waliokwenda kuleta mkeka, wakaushika pembe nne juu ya kaburi ili Mnyamwezi asilowe. Aliyelowa tayari! Nikiufikiria mkeka ule mpaka leo sijui nicheke au nifanye nini.

Huku kwetu mwamba ulijitokeza. Nilitangulia na fimbo, maji mapajani, na nyuma yangu gari zima linanguruma na Mbwana ndani yake. Katika mwendo ule wa kukanyaga nisichokiona ndipo nilipoelewa mwenzangu alikuwa anafanya nini miaka yote ile huku akiimba, nami nikiwa nimekaa kwenye kiti nikihesabu tiketi. Tulivuka. Mbwana alisubiri abiria waliotufuata kwa miguu wapande, hakuharakisha hata mmoja, kisha akaendesha jinsi ambavyo sitaiandika katika jarida la kampuni.

Kwamgunda tulisimama jua likiwa limekaribia kilima. Mbwana alikimbia, sisi nyuma yake, abiria wote, hata wale ambao hawakuwa na msiba pale. Watu walimpisha. Alifika ukingoni, akachungulia, akamwona mtani wake amelala chini ya mkeka, midomo imegeuka rangi kwa baridi.  

"Toka humo, mpagazi," alisema. "Hapo si pako."

Ule umati ulicheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho sijakisikia tena mahali pengine. Yordani alinyoosha mkono, Mbwana akaushika, akamvuta juu.  Wakaenda kumleta Bibi Mwaija, akasaliwa, na mwanawe akashuka kaburini mwenyewe, akampokea mama yake kwa mikono yake, akamlaza. Siku nyingi baadaye aliniambia kwamba ingawa udongo wote ulikuwa umelowa, pale alipokanyaga palikuwa na joto.

Ofisi ilimpa Yordani onyo kwa kuliacha gari njiani. Ofisi hiyohiyo ilipeleka gunia la mchele msibani. Yeye alikubali yote mawili kuwa ni haki, akarudi juu ya paa.

Sasa nifike kwenye jambo lililotusumbua wengi wetu mwaka huu. Mtu anapostaafu huulizwa anarudi wapi. Mbwana alirudi kwao, na wengine wote wamerudi kwao. Yordani hana kwao. Tabora anaijua kwa utani tu. Kambi aliyozaliwa imebomolewa, na makaburi ya wazazi wake yako katikati ya mkonge ambao siku hizi hakuna anayeupalilia. Chumba anachoishi hapa Korogwe ni cha kampuni, na mwisho wa mwezi kinarudi kwa kampuni. Watoto wao wameoa na kuolewa mbali, na kila mmoja ana nyumba ndogo kuliko ukoo wake. Tulimtania kwamba atajengewa kibanda juu ya paa la basi la Handeni, naye alicheka nasi. Lakini Mama Grasiana hakucheka, na mwezi uliopita alimwambia mke wangu kwamba mumewe ameanza kuamka alfajiri na kuketi kitandani. Mtu ambaye kukaa kunamuumiza kiuno.

Juma lililopita basi la asubuhi kutoka Handeni lilishusha watu sita hapa stendi, waliovaa nguo za safari. Mbwana alikuwa mmoja wao, lakini hakuwa msemaji. Msemaji alikuwa Mashavu, maana sasa yeye ndiye mkubwa wa ukoo uliobaki. Waliomba Yordani aitwe, na meneja pia, kwa kuwa walitaka jambo lisemwe mbele ya mashahidi. Mashavu alieleza kwamba ukoo wa Mhina umekaa, na wazee wa kijiji wamekubali. Shamba limepimwa upande wa chini, karibu na kisima. Vijana wamesimamisha nyumba, wameisiriba, na imebaki mlango, kwa sababu mlango huchaguliwa na mwenye nyumba. Pembeni mwa makaburi yao, palipo na mti wa mkuyu, wametenga pia mahali pa Wakristo, pa watu wawili, siku Mungu atakapopenda na isiwe karibu. Meneja alianza kusema maneno ya shukrani kwa niaba ya kampuni. Mashavu aliinua mkono, kwa heshima, akamzuia, akamgeukia Yordani.

"Mama yetu ulimlindia mahali pasifukiwe mpaka mwanawe afike," alisema. "Na sisi tumekulindia pako. Inuka, twende nyumbani."

Utingo ambaye nimemwona akisimamisha gari la Dindira kwa kipande cha mti, ambaye mto ulimchukua na kumrudisha, alijifunika uso kwa mikono miwili na kulia mbele ya stendi nzima, na Mbwana alimshika mabega wakalia wote. Nilikuwepo. Mabasi mawili yalichelewa kuondoka asubuhi hiyo, na mimi, msimamizi wa stendi, ndiye niliyeyachelewesha.

Mzee Yordani, kwa niaba ya madereva uliowatangulia majini, makondakta uliotufundisha kutembea bila kukimbia, na abiria waliofika makwao wasijue ni nani aliyewafikisha, tunasema ahsante. Wewe na Mama Grasiana tunawaombea afya, mvua za wastani na jirani asiyechoka kukutukana. Maisha yawe mema kwenu Kwamgunda, kwenu kabisa.

Mwinjuma Rehani
Msimamizi wa Stendi, Korogwe